TAARIFA ZA MGONJWA NA SIKU ZA KULAZWA HOSPITALINI

Mgonjwa anapolazwa hospitalini habari zake huandikwa mahali pengi: katika faili la wodi, katika daftari la maabara, katika kitabu cha dawa, na mwishoni katika cheti anachokabidhiwa siku ya kuruhusiwa. Kwa desturi ya zamani maandishi hayo yalihesabiwa kuwa mali ya hospitali. Mgonjwa aliulizwa, akajibu, akapewa dawa. Yale yaliyoandikwa juu yake hakuyasoma, na hata kama angepewa ayasome asingeyaelewa kwa urahisi, maana mwandiko wa waganga una sifa yake duniani kote.

Katika nchi zenye viwanda vingi desturi hiyo imebadilika katika muda wa robo karne iliyopita. Hospitali nyingi za huko zimehamishia mafaili katika kompyuta, kisha zikamfungulia kila mgonjwa tovuti ambamo, kwa kutumia neno lake la siri, anaweza kuona majibu ya vipimo, orodha ya dawa zake na tarehe za kliniki, na kumwandikia daktari swali bila ya kusafiri. Nchini Estonia mpango wa namna hiyo ulianza mwaka 2008, nao ni wa nchi nzima. Katika makala haya tovuti hiyo itaitwa dirisha la mgonjwa, kwa kuwa kazi yake ni kumwezesha mtu kuchungulia ndani ya jalada lake mwenyewe.

Waliolianzisha dirisha hilo walitoa ahadi kubwa: mgonjwa anayejua hali yake atalazwa mara chache, na akilazwa atatoka mapema. Ahadi hiyo ina uzito katika nchi yoyote, maana kitanda cha hospitali ni kitu ghali. Nyuma ya kitanda kimoja kuna muuguzi wa zamu, kuna maji, shuka, dawa na damu ya akiba, na tena kuna ndugu aliyeacha shamba lake ili amwangalie mgonjwa. Uzito huo huzidi mahali kama Muze, katika bonde la Ziwa Rukwa, ambako mgonjwa anayehitaji hospitali ya rufaa ya mkoa hana budi kupandishwa ukingo wa nyanda za juu za Ufipa hadi Sumbawanga. Je, ahadi hiyo imetimia? Takwimu zilizopo zinajibu kwa sauti zaidi ya moja, na sababu ya kutofautiana kwake inafaa kufahamika kwa mwalimu na mwanafunzi wa sayansi, hata kama hajawahi kuiona tovuti ya hospitali.

Hesabu ya vitanda

Kwanza ifahamike jinsi siku za kulazwa zinavyohesabiwa. Ichukuliwe wodi inayopokea wagonjwa 4 kila siku, na kila mmoja akikaa kwa wastani wa siku 5. Kwa wakati wowote wodi hiyo itakuwa na wagonjwa 20, yaani 4 mara 5. Wastani ukipanda kwa siku moja tu na kuwa 6, wodi itahitaji vitanda 24. Ikiwa vitanda vilivyopo ni 20, wagonjwa wanne watalala chini au wawili wawili. Kanuni hii ni sahili kiasi kwamba mwanafunzi wa kidato cha kwanza anaweza kuithibitisha kwa kokoto, lakini ndiyo inayotawala wodi zote za dunia.

Wastani, hata hivyo, ni kipimo chenye hila. Ichukuliwe wodi nyingine ambayo katika wiki moja ilipokea wagonjwa 10. Sita walikuwa na maradhi mepesi na kila mmoja alikaa siku 2; wanne walikuwa na maradhi mazito na kila mmoja alikaa siku 7. Jumla ni siku 40, na wastani ni siku 4. Sasa watu wa mahali hapo waelimishwe kuwahi zahanati, hata wanne kati ya wale wenye maradhi mepesi watibiwe huko bila ya kulazwa. Wodini watabaki wagonjwa 6: wawili wa siku 2 na wanne wa siku 7. Jumla ya siku imeshuka hadi 32, lakini wastani umepanda hadi siku 5 na theluthi moja. Msimamizi anayeangalia wastani peke yake ataandika katika ripoti yake kwamba hali imekuwa mbaya, na kumbe imekuwa nzuri. Kwa sababu hiyo kila mara inaposemwa kwamba jambo fulani limepunguza au limeongeza siku za kulazwa, inafaa kuuliza: siku zipi, za nani, na zimegawanywa kwa nini?

Majibu yanayopingana

Mwaka 2012 yalitangazwa matokeo ya uchunguzi mkubwa uliofanyika katika jimbo la Colorado, Marekani, miongoni mwa wanachama wa shirika la bima na matibabu liitwalo Kaiser Permanente. Watafiti walichukua wanachama 44,321 waliokuwa wakitumia dirisha la mgonjwa, wakawaoanisha na wengine idadi hiyo hiyo ambao hawakulitumia, wakijitahidi kuwafananisha kwa umri, jinsia na magonjwa sugu. Kinyume cha ahadi, waliolitumia dirisha walizidi kwenda kwa daktari, walizidi kwenda idara ya dharura, na walizidi kulazwa: ongezeko la kulazwa lilikuwa karibu mara 20 kwa mwaka kwa kila wanachama 1,000, likilinganishwa na wale wasiolitumia.

Mwaka 2019 yakatangazwa matokeo mengine, safari hii kutoka California, katika shirika hilo hilo. Hapa waliochunguzwa walikuwa watu wenye kisukari. Kwa wale ambao pamoja na kisukari walikuwa na magonjwa mengine sugu, kama shinikizo la damu au ugonjwa wa moyo, dirisha liliendana na kuongezeka kwa mahudhurio ya kliniki, lakini safari za idara ya dharura zilipungua, na kulazwa kwa sababu zinazoweza kuzuilika kulipungua pia. Katikati ya matokeo hayo mawili, mwaka 2018, watafiti wa Mayo Clinic huko Florida walikuwa wameeleza kwamba wagonjwa waliofungua dirisha wakiwa tayari wamelazwa hawakutofautiana na wenzao, wala kwa kurudi hospitalini ndani ya siku 30, wala kwa vifo.

Mtu asiyezoea sayansi anaweza kusema kwamba wataalamu wanabishana, basi waachwe. Lakini hapa hakuna ubishi mkubwa kama unavyoonekana. Kila uchunguzi ulimwuliza mtu wa aina nyingine.

Ifikiriwe ni nani anayejisumbua kufungua dirisha lake. Kijana mwenye afya njema halioni kuwa na maana. Anayelifungua ni mwanamke aliyegundua wiki hii kwamba ana mimba, au mzee aliyeambiwa kwamba huenda atapasuliwa goti, au mtu aliyeanza kuhisi maumivu yasiyoisha. Watu hawa wangelazwa kwa vyovyote vile, dirisha liwepo au lisiwepo. Katika bonde la Rukwa miezi ya mvua huleta miavuli barabarani, na malaria nayo huzidi baada ya mvua hizo. Mchunguzi akihesabu miavuli na wagonjwa wa malaria mwezi kwa mwezi ataona vinapanda na kushuka pamoja, lakini hakuna atakayedai kwamba mwavuli huambukiza malaria. Mvua ndiyo iliyovileta vyote viwili. Vivyo hivyo ugonjwa unaonyemelea unaweza kumpeleka mtu dirishani na pia kumpeleka wodini. Watafiti wa Colorado walijitahidi kuoanisha watu, lakini mtu huoanishwa kwa yale yaliyoandikwa tu. Wasiwasi wa mgonjwa, au uvimbe alioupapasa jana usiku, haumo katika faili lolote.

Matokeo ya California yana maelezo ya kimwili ambayo ni ya kuaminika zaidi. Moyo uliodhoofika haushindwi ghafla kila mara. Kwa siku kadhaa kabla ya mgonjwa kuanza kuhema, maji hujikusanya mwilini, miguu huvimba, na uzito huongezeka kilo moja au mbili. Mgonjwa anayepima uzito wake na kumwandikia muuguzi kwamba umepanda anaweza kuongezewa dawa ya kukojoza siku hiyo hiyo, akaendelea kulala nyumbani kwake. Asiyekuwa na njia ya kuuliza husubiri hadi pumzi imbane usiku, na hapo hulazwa kwa siku nyingi. Sukari ya damu ina tabia inayofanana na hiyo, maana hupanda kwa muda mrefu kabla ya kumwangusha mtu. Kwa hiyo dirisha husaidia pale ambapo kuna muda kati ya dalili ya kwanza na hatari, na ambapo mwenye kujibu anajibu. Mgonjwa ambaye tayari yuko kitandani, kama wale wa Florida, ana muuguzi hatua chache kutoka alipo, na dirisha linampunguzia machache.

Bahati nasibu ya Unguja na neno moja la Kenya

Njia iliyo bora ya kutenganisha mwavuli na mvua ni kuwanyima watu nafasi ya kujichagua. Kura ipigwe: hawa wapewe chombo, wale wasipewe, kisha wote wafuatwe. Wenye wasiwasi na wasio na wasiwasi watagawanyika pande zote mbili takriban sawa, na tofauti itakayoonekana mwishoni inaweza kuhesabiwa kuwa kazi ya chombo chenyewe. Afrika Mashariki ina mifano miwili mizuri ya njia hii, na yote miwili ilitumia simu ya kawaida ya mkononi badala ya tovuti.

Wa kwanza ulifanyika Unguja katika miaka ya 2009 na 2010. Vituo 24 vya afya ya msingi viligawanywa kwa bahati nasibu, na wajawazito 2,550 waliohudhuria huko walifuatwa hadi siku 42 baada ya kujifungua. Katika nusu moja ya vituo wanawake walitumiwa ujumbe mfupi wa kuwakumbusha kliniki na kuwaeleza dalili za hatari, nao walipewa vocha ili waweze kumpigia mkunga. Katika nusu ya pili mambo yaliendelea kama kawaida. Waliojifungua mikononi mwa mhudumu mwenye ujuzi walikuwa asilimia 60 upande wa simu na asilimia 47 upande wa pili. Waliotimiza mahudhurio manne ya kliniki walikuwa asilimia 44 dhidi ya asilimia 31.

Hizo ni tofauti kubwa. Lakini watafiti walipowatenga wanawake wa mjini na wa shamba, walikuta kwamba katika suala la kujifungua faida ilikuwa ya wanawake wa mjini. Kwa wanawake wa shamba hakukuonekana tofauti ya kutegemewa. Matokeo haya yanastahili kusomwa mara mbili na kila anayepanga huduma za vijijini, kwa sababu ujumbe uliotumwa ulikuwa ule ule na vocha zilikuwa zile zile.

Mfano wa pili ni wa Kenya. Kati ya mwaka 2007 na 2008, watu wazima 538 walioanza kutumia dawa za kupunguza makali ya virusi vya UKIMWI katika kliniki tatu waligawanywa kwa bahati nasibu. Nusu yao walipelekewa ujumbe mmoja kila wiki, na ujumbe wenyewe ulikuwa neno moja tu: “Mambo?” Mgonjwa alitakiwa kujibu ndani ya saa 48 kwamba ni sawa au kwamba ana shida, na mwenye shida alipigiwa simu na muuguzi. Baada ya mwaka mmoja, waliotumia dawa zao kama ilivyopasa walikuwa asilimia 62 kati ya walioulizwa na asilimia 50 kati ya wasioulizwa. Wale ambao virusi vyao vilidhibitiwa walikuwa asilimia 57 dhidi ya 48. Neno hilo halikumfundisha mgonjwa chochote juu ya virusi. Lilimjulisha kwamba yupo mtu anayengoja jibu lake. Lilikuwa pia na hekima nyingine: mtu mwingine akiishika simu ile na kusoma salamu hiyo, hapati kujua ugonjwa wa mwenye simu.

Muze na ukingo wa Ufipa

Muze imekaa chini ya safu ya Lyamba lya Mfipa, mahali ambapo nyanda za juu zinakatika na kuangukia tambarare ya Rukwa, ambayo ni sehemu ya tawi la magharibi la Bonde la Ufa. Mji wa Sumbawanga uko mita 1,800 hivi juu ya usawa wa bahari, na uso wa Ziwa Rukwa uko mita 800 hivi. Kati ya vitanda vya hospitali ya rufaa ya mkoa na mashamba ya mpunga ya bondeni kuna takriban kilomita moja ya wima. Joto hupungua kwa nyuzi 6 au 7 za Selsiasi kwa kila mita 1,000 za kupanda, na hiyo ni sababu mojawapo ya malaria kustawi bondeni zaidi kuliko juu, maana vijidudu vyake hukomaa haraka ndani ya mbu pakiwa na joto.

Ukingo huo unahusika pia na dirisha la mgonjwa, kwa njia ambayo mwalimu wa fizikia ataipenda. Mawimbi ya simu husafiri karibu katika mstari ulionyooka, na mlima huyawekea kivuli kama unavyouwekea mwanga wa jua. Nyumba iliyojibana chini ya mteremko inaweza kuwa karibu na mnara uliosimama juu na bado ikawa kivulini, wakati nyumba iliyo mbali zaidi tambarare ikapata mawimbi safi. Pale mawimbi yanapokuwa hafifu, ukurasa wa tovuti wenye picha na maandishi mengi hukwama njiani. Ujumbe mfupi hupita. Sababu ni udogo wake: ujumbe mmoja ni baiti 140, yaani biti 1,120, na kwa kuwa kila herufi huchukua biti 7, zinapatikana herufi 160. Kiswahili hakina alama za juu wala za chini ya herufi, kwa hiyo kinaitumia nafasi yote. Maandishi ya Kiarabu katika ujumbe huo huo hupata herufi 70 tu. Ndani ya herufi 160 unaweza kumwambia mama tarehe ya kliniki, dalili tatu za hatari na namba ya kupiga, na nafasi ikabaki.

Hata hivyo chombo cha taarifa kilicho cha kwanza kwa mgonjwa wa kijijini bado ni karatasi: kadi ya kliniki ya mama mjamzito, kadi ya chanjo ya mtoto, daftari la shule linaloandikwa historia ya matibabu, na cheti cha rufaa kinachokunjwa mara nne. Karatasi hudharauliwa bure. Haihitaji umeme wala mtandao, na mama huifikisha Sumbawanga pamoja na yeye mwenyewe. Kasoro yake ni kwamba haipigi kelele. Kipimo cha shinikizo la damu kilichoandikwa humo wiki iliyopita hakiwezi kumkumbusha mtu kwamba kilikuwa juu, wala kumwarifu muuguzi kwamba mwenye kadi hakurudi.

Hapa ndipo swali la mwanzo linapogeuka. Katika Colorado na California watafiti walitumaini kuona siku za kulazwa zikipungua. Kwa Muze na kata nyingine za bondeni kupungua huko hakuwezi kuchukuliwa kuwa dalili njema bila ya kuchunguzwa, maana watu wengi wanaostahili kulazwa hawafiki kitandani. Mfano ulio wazi ni uzazi. Shirika la Afya Duniani linashauri mama aliyejifungua salama kituoni aangaliwe hapo kwa muda usiopungua saa 24. Kila mwanamke anayeacha kujifungulia nyumbani na kwenda kituoni anaongeza basi angalau siku moja katika hesabu ya kulazwa, na siku hiyo ni faida. Kwa mujibu wa uchunguzi wa taifa wa demografia na afya, watoto waliozaliwa katika vituo vya huduma walikuwa asilimia 63 mwaka 2015–16, wakafika asilimia 81 mwaka 2022. Katika muda huo huo makadirio ya vifo vya akina mama yalishuka kutoka 556 hadi 104 kwa kila vizazi hai 100,000. Ongezeko hilo la kujifungulia vituoni haliwezi kubeba sifa yote ya kushuka huko, kwa sababu ile ile ya mwavuli na mvua, lakini hakuna mkunga atakayetaka siku hizo za kitanda zirudi nyumbani.

Zipo pia siku za kulazwa ambazo ni za hasara tupu. Mwanamke aliyefika na kifafa cha mimba kwa kuwa shinikizo lake la damu halikufuatwa, au aliyekaa na uchungu siku mbili hadi mji wa mimba ukapasuka, atalala hospitalini kwa wiki nzima au zaidi, kama ataokoka. Siku za aina hii ndizo ambazo taarifa iliyowahi inaweza kuzipunguza. Kwa hiyo chombo kizuri cha taarifa kikifanya kazi Muze, idadi ya waliolazwa itapanda, wastani wa siku zao utashuka kwa kuwa wengi watakuwa wazazi wa siku moja, na wenye kukaa wiki nzima watapungua. Mtu akitazama jumla peke yake atakikataa chombo hicho.

Kwa nini, basi, ujumbe wa Unguja haukufua dafu shambani? Mwaka 1994 Sereen Thaddeus na Deborah Maine waligawanya ucheleweshaji unaowaua akina mama katika hatua tatu: kuchelewa kuamua kwenda, kuchelewa kufika, na kuchelewa kuhudumiwa baada ya kufika. Taarifa hutibu hatua ya kwanza. Mama anajua kwamba maumivu makali ya kichwa na kuona maruweruwe si mambo ya kusubiri, mumewe naye anajua, na mama mkwe, ambaye mara nyingi ndiye mwenye kauli nyumbani, anajua pia. Lakini ujumbe haubebi mtu. Barabara ya kupanda ukingo wakati wa masika, saa nane za usiku, ni hatua ya pili, na damu na mpasuaji ni hatua ya tatu. Mjini, ambako hatua ya pili ni fupi, kuondoa ya kwanza kunatosha kuonekana katika takwimu. Kijijini hatua iliyobaki huimeza faida yote.

Mpango wa m-mama ulibuniwa kwa kulenga hatua hiyo ya pili. Ulijaribiwa kwanza Sengerema na Shinyanga, na mwaka 2022 Serikali ikaamua kuueneza nchi nzima. Anayepiga namba 115, bila malipo, hupokelewa na mhudumu ambaye huuliza maswali yaliyopangwa, hupima uzito wa tatizo, huchagua kituo kinachofaa, kisha hutafuta gari la wagonjwa. Kama gari hilo haliko karibu, huitwa dereva wa kijijini aliyekwisha kuandikishwa, na malipo yake hutumwa kwa simu. Anayepiga hahitaji tovuti wala neno la siri, hahitaji kujua kusoma, na hahitaji salio. Bado anahitaji mawimbi, na kivuli cha mlima hakiondolewi na mpango wowote isipokuwa mnara uliowekwa mahali pake.

Liko jambo moja ambalo wapenzi wa mitambo hulipita haraka mno. Simu kijijini mara nyingi ni ya nyumba nzima. Ujumbe wa kliniki husomwa kwanza na mume, au na mtoto aliyeko sekondari ambaye ndiye msomaji wa nyumba, au na jirani mwenye chaji. Jibu la kipimo cha virusi vya UKIMWI halina nafasi katika simu ya namna hiyo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika mwaka 2023, inaziweka habari za afya miongoni mwa taarifa nyeti zinazohitaji ulinzi wa pekee. Lakini sheria haiketi mezani pamoja na familia. Wale waliobuni neno “Mambo?” walikuwa wamelitatua tatizo hilo kabla ya sheria, kwa kuchagua maneno.

Kama uchunguzi wa aina ya Unguja ungefanywa katika bonde la Rukwa, vijiji visingegawanywa kwa kura moja tu. Ingefaa kwanza vipangwe katika mafungu: vile vilivyomo katika kivuli cha ukingo na vilivyo nje ya kivuli, vile ambavyo gari hufika mwaka mzima na ambavyo hufikiwa kiangazi peke yake. Kura ipigwe ndani ya kila fungu. Jumla ya waliolazwa ingeandikwa, lakini isingehesabiwa kuwa matokeo. Wazazi wa siku moja wangetengwa na waliolazwa kwa hatari, na kwa kila aliyelazwa zingeandikwa saa tatu: saa dalili ilipoanza, saa alipoondoka nyumbani, na saa alipopokelewa. Tofauti kati ya saa ya kwanza na ya pili ingeonyesha kazi ya taarifa, na tofauti kati ya ya pili na ya tatu ingeonyesha kazi ya barabara. Kalamu, saa ya ukutani na daftari lenye safu tatu za ziada vinatosha kuanzia.